Kiingereza cha Mtihani: Maneno Madogo Yenye Alama Nyingi



Katika vikundi vyetu vya kujisaidia, kuanzia Subukia na Bahati hadi Njoro, Molo, Kuresoi na Mau Narok, hakosekani mtu aliyeachia masomo njiani. Mwingine karo ilikwisha akiwa kidato cha pili. Mwingine aliolewa mapema. Mwingine nyumba na vitabu viliteketea katika vurugu za 1992, 1997 au 2008. Wengine walimaliza kidato cha nne, lakini alama walizopata hazikuwafungulia mlango wowote. Sasa watoto wamekua kidogo, na mtu anajiuliza: je, naweza kurudi nifanye KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi?

Jibu ni ndiyo. Na ukiwauliza hao ni somo gani linawatisha, wengi watataja hesabu kwanza, halafu Kiingereza. Somo la leo ni la Kiingereza. Ni la hao wanaojiandaa kwa mtihani, lakini pia ni la kikundi kizima. Kiingereza kinachopewa alama katika chumba cha mtihani ndicho hicho hicho kilichoandikwa kwenye fomu ya mkopo, kwenye mkataba wa kukodisha shamba, na kwenye barua ya kuajiriwa katika mashamba ya maua ya Naivasha. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo karatasi nyingi tunazoombwa kutia sahihi bado zimeandikwa kwa Kiingereza.

Neno kuu la somo hili ni moja, na tafadhali mlishike: watu hawaanguki Kiingereza kwa sababu ya maneno makubwa. Wanaanguka kwa sababu ya maneno madogo. Neno kubwa usipolijua utauliza. Neno dogo unadhani unalijua, kwa hiyo unalipita.

1. KWA NINI TUSINGOJE

Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na mtihani wa KCSE ukafanywa kwa mara ya kwanza 1989. Mtihani wa darasa la nane, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Kwa hiyo mtu aliyesoma chini ya mfumo huo na anataka kukamilisha asikae akisema "mwaka ujao, mwaka ujao". Afike mapema katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu ya kaunti ndogo yake, aulize vyeti vinavyohitajika, ada ya usajili na kituo atakachofanyia mtihani. Usajili kwa kawaida huwa miezi ya kwanza ya mwaka, na mtihani huwa mwishoni mwa mwaka. Kikundi kinachoweza kumkopesha mwanachama pesa za mbuzi kinaweza pia kumkopesha ada ya usajili.

Na asiseme mtu kwamba amezeeka. Mwaka 2004, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri wanasema kweli. Alitaka pia kujua kuhesabu pesa, ikiwa siku moja wapiganaji wa uhuru wangelipwa fidia. Aliaga dunia 2009. Tazameni sababu zake mbili: kusoma asidanganywe, na kuhesabu asipunjwe. Hizo ni sababu za kila mwanakikundi.

2. MTIHANI WENYEWE UNA NINI?

Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu, na jumla yake ni alama 200.

Karatasi ya kwanza ina alama 60. Swali la kwanza ni la kuandika kwa matumizi: barua, tangazo, kumbukumbu za mkutano na kadhalika. Hilo ni alama 20. La pili ni kujaza mapengo kumi katika kifungu, alama 10. La tatu ni la mazungumzo na matamshi, alama 30.

Karatasi ya pili ina alama 80: ufahamu alama 20, dondoo kutoka kitabu cha fasihi alama 25, shairi au hadithi simulizi alama 20, na sarufi alama 15.

Karatasi ya tatu ina alama 60. Ni insha tatu: moja ya kubuni na mbili za vitabu vilivyoteuliwa. Vitabu hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kununua. Msinunue tu kwa sababu kitabu ni cha bei nafuu kule sokoni.

Sasa angalieni jambo moja. Katibu wa kikundi ambaye ameandika kumbukumbu za mikutano kwa miaka mitano tayari anajua sehemu ya karatasi ya kwanza. Mweka hazina anayeandika risiti na notisi naye pia. Kikundi chenu ni darasa, ila hamjakiita hivyo.

3. MANENO MADOGO

Makosa yetu mengi ya Kiingereza hayatokani na ujinga. Yanatokana na Kiswahili na lugha zetu za nyumbani, ambazo zinafanya kazi kwa njia nyingine. Ukijua lugha yako inafanya nini, utajua ni wapi Kiingereza kitakutega. Tuchukue mitego kumi.

(a) "By" na "until". Sisi tuna "mpaka" moja tu. Tunasema "ofisi iko wazi mpaka Ijumaa" na pia "lete pesa mpaka Ijumaa". Kiingereza kinatenganisha. "The office is open until Friday": jambo linaendelea siku zote hizo hadi Ijumaa. "Bring the money by Friday": jambo linafanyika mara moja, wakati wowote, bora Ijumaa isipite. Anayeandika "bring the money until Friday" amepoteza alama.

(b) "Unless". Maana yake ni "isipokuwa" au "ila kama". Neno hili limebeba "si" ndani yake tayari, kwa hiyo usiongeze nyingine. "If you do not pay, you will be fined" inageuka kuwa "Unless you pay, you will be fined". Wengi huandika "Unless you do not pay", na maana inapinduka: ni kama kusema anayelipa ndiye atakayetozwa faini! Watahini wanalipenda sana neno hili katika sehemu ya sarufi.

(c) "Although" na "but". Kwa Kiswahili tunasema "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza chagua moja. Ama "Although she was ill, she came", ama "She was ill, but she came". Ukiweka yote mawili katika sentensi moja, umekosa.

(d) "Since" na "for". "Since" inataja mwanzo: since 2015, since Monday. "For" inataja muda: for ten years, for three days. Na kitendo kinachoendelea hadi leo huandikwa "I have been a member since 2015". Ukiandika "I am a member since 2015", umetafsiri "mimi ni mwanachama tangu 2015" neno kwa neno.

(e) "Lend" na "borrow". Kiswahili kina "kukopa" na "kukopesha", hapo hakuna shida. Shida ni "kuazima". Mimi naazima jembe kwako, na wewe naniazima jembe; neno ni lile lile. Kwa Kiingereza anayetoa ana-"lend", anayepokea ana-"borrow". Useme "Lend me your bicycle". Usiseme "Borrow me your bicycle".

(f) "Few" na "a few". Herufi moja tu, "a", inabadilisha habari yote. "Few members have paid": waliolipa ni wachache mno, mwenyekiti ana masikitiko. "A few members have paid": wako kadhaa waliolipa, si haba. Ni hivyo pia kwa "little" na "a little".

(g) "He" na "she". Kiswahili kinasema "analima", na hatujui kama ni mama au baba. Kwa hiyo katika insha ndefu mtu anaanza na "she" na kumalizia na "he". Dawa ni moja: ukimaliza kuandika, pita na kidole chini ya kila "he", "she", "his" na "her", ujiulize kila mara ni nani huyo.

(h) Vitu visivyohesabika. Sisi tuna vifaa, mashauri, fanicha na habari. Kwa Kiingereza "equipment", "advice", "furniture" na "information" haviongezwi "s". Ukitaka kuhesabu, sema "two pieces of advice".

(i) "Discuss" haitaki "about". Sisi hujadiliana "kuhusu" jambo, ndiyo maana tunaandika "we discussed about the budget". Sahihi ni "we discussed the budget". Makatibu, hili ni lenu! Angalieni kumbukumbu za mwezi uliopita.

(j) Swali dogo la mwishoni. Kwa Kiswahili tunauliza "sivyo?" au "ama?" kila mahali, na neno halibadiliki. Ndiyo sababu Kenya nzima watu wanasema "isn't it?" hata pasipofaa. Kiingereza cha mtihani kinataka swali lifuate sentensi yake: "Mary has paid, hasn't she?" na "They did not come, did they?" Sentensi ikiwa ya kukubali, swali ni la kukataa. Sentensi ikiwa ya kukataa, swali ni la kukubali.

Hapo kwenye kukubali na kukataa kuna mtego mwingine ambao unaweza kumgharimu mtu zaidi ya alama. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Huna mkopo mwingine?" unajibu "Ndiyo, sina". Ni sawa kabisa. Sasa karani wa mikopo anakuuliza "You have no other loan?" nawe unajibu "Yes". Wewe umesema "ndiyo, sina". Yeye anaweza kuelewa "yes, I have". Jibu sahihi ni "No, I have no other loan." Jizoezeni kujibu kwa sentensi nzima, kwenye mtihani na ofisini pia.

Kuhusu kujaza mapengo: kila pengo ni neno moja tu, na mara nyingi linalotafutwa ni neno dogo. Usianze kujaza kabla hujasoma kifungu chote hadi mwisho. Kisha tazama mahali pa pengo. "The treasurer counted the money twice, ___ it was still short": hapa ni "but" au "yet". "___ the treasurer counted the money twice, it was still short": hapa ni "Although" au "Though". Habari ni ile ile. Pengo likihama, neno nalo linabadilika.

4. MSAMIATI: MENDE MMOJA, WATOTO WENGI

Watu wengine wanakariri kamusi kurasa kwa kurasa. Ni kama kununua mbegu bila kupanda. Njia bora ni kushika neno moja na jamaa yake yote. Kiswahili chenyewe kinatufundisha: kutoka "lima" tunapata mkulima, kilimo na ulimaji. Kiingereza nacho: kutoka "produce" tunapata producer, product, production na productive. Kutoka "agree" tunapata agreement, disagree na disagreement. Sehemu ya sarufi huuliza hivyo hasa: unapewa neno, unatakiwa ulibadilishe umbo ili liingie katika sentensi.

Anzeni na maneno ya kikundi chenyewe: member, membership, secretary, secretarial, treasure, treasurer, elect, election, contribute, contribution, guarantee, guarantor. Maneno matano kwa wiki yanatosha. Kwa mwaka mtu atakuwa na zaidi ya mia mbili, na jamaa zake. Yaandike katika daftari ndogo, kila moja ndani ya sentensi yako mwenyewe kuhusu maisha yako. Neno ambalo hujaliweka ndani ya sentensi bado si lako.

Tena, someni hadithi. Anayesoma hadithi anakutana na neno moja mara kumi bila kuchoka. Riwaya ya marehemu Henry ole Kulet, Blossoms of the Savannah, ambayo iliwahi kuwa kitabu cha lazima cha KCSE, inaanza na familia inayohama kutoka Nakuru. Msomaji wa huku hatakuwa mgeni. Aliye karibu na mji anaweza kuuliza vitabu katika maktaba ya umma ya Nakuru.

5. UFAHAMU: JE, UNAELEWA UNACHOSOMA?

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 tunasoma habari za Filipo na yule mkuu wa Ethiopia aliyekuwa garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alimwuliza kama anaelewa anachosoma. Yule mtu alikuwa msomi, mtunza hazina ya malkia, na kusoma alijua. Lakini alikiri kwamba bila mtu wa kumwongoza hawezi kuelewa. Kusoma na kuelewa ni mambo mawili. Ufahamu ndio daraja kati yake.

Someni kifungu hiki. Tumekiandika kwa mfano wa kanuni za mkopo wa kikundi. Mmoja asome kwa sauti mara mbili, polepole.

"The Group may lend a member up to twenty thousand shillings. The loan shall be repaid by 30th November. Unless the member repays the whole amount by that date, the two guarantors shall pay the balance, provided that the treasurer has informed them in writing at least fourteen days earlier. Although a guarantor may leave the Group, he or she remains liable until the loan is cleared."

Maswali:

1. How much may a member borrow?
2. What must the treasurer do before the guarantors can be made to pay?
3. A guarantor who has left the Group does not have to pay. Is this true? Give a reason.
4. Explain the meaning of "balance" and "liable" as used in the passage.

Sasa tujibu pamoja.

Swali la 1. Wengi wataandika "twenty thousand shillings". Jibu hilo halijakamilika. Kifungu kinasema "up to", yaani isizidi. Mwanachama anaweza kupewa elfu tano. Jibu: "Not more than twenty thousand shillings."

Swali la 2. Mweka hazina lazima awaarifu wadhamini kwa maandishi, angalau siku 14 kabla ya tarehe 30 Novemba. Hesabuni: siku ya mwisho ya kuwaarifu ni tarehe 16 Novemba. Tazameni maneno madogo "provided that", yaani "kwa sharti kwamba". Mweka hazina akiwaambia kwa mdomo sokoni, sharti halijatimia. Akiwaandikia tarehe 20, sharti halijatimia. Mdhamini anayejua maana ya "provided that" ana la kujitetea. Asiyejua ataona ng'ombe wake akiondoka.

Swali la 3. Si kweli. Kifungu kinasema mdhamini akitoka kikundini bado anawajibika mpaka mkopo uishe. Katika mtihani, ukiandika "No" peke yake bila sababu, umeacha alama mezani. Swali limeomba sababu, toa sababu.

Swali la 4. "Balance" wengi wanaijua kama usawa au mizani. Hapa si hivyo. Hapa ni pesa ambazo bado hazijalipwa: "the amount not yet paid". "Liable" hapa ni "responsible by law for paying". Ndiyo sababu swali linasema "as used in the passage". Mtahini hataki maana ya kamusi, anataka maana iliyo katika kifungu hicho. Na kama neno ni kitendo cha wakati uliopita, jibu lako nalo liwe la wakati uliopita.

Mnaona? Kifungu hiki kina sentensi nne tu. Lakini "up to", "by", "unless", "provided that", "at least", "although" na "until" ndiyo maneno yaliyobeba mzigo wote. Mtu akiyaruka, ataelewa "mkopo, elfu ishirini, wadhamini, Novemba", na atadhani ameelewa kila kitu.

Kanuni za ufahamu kwa ufupi:

- Soma maswali kwanza, kisha kifungu, kisha maswali tena.
- Jibu kutoka kwenye kifungu, si kutoka kwa yale unayoyajua wewe.
- Ukiambiwa ujibu kwa maneno yako, usinakili.
- Ukiambiwa ujibu kwa vidokezo, usiandike sentensi nzima.
- Ukiambiwa maneno yasizidi 40, hesabu. Yakizidi unaadhibiwa.
- Piga mstari chini ya kila neno dogo la sharti, la wakati na la kupinga.

6. MATAMSHI, NA KUCHEKANA

Swali la tatu la karatasi ya kwanza huuliza juu ya sauti, ingawa unajibu kwa kalamu. Utaulizwa maneno yanayotamkwa sawa, yanayokaribiana, au yenye herufi isiyotamkwa. Kiswahili kina irabu tano tu, Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo "hat", "hut" na "heart" midomoni mwetu yanakuwa neno moja. "Ship" na "sheep" pia. Herufi zisizotamkwa jifunzeni kwa maneno ya fedha: "debt" haina sauti ya b, "receipt" haina sauti ya p, "mortgage" haina sauti ya t.

Katika vikundi vyetu wamo Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wamaasai na wengine. Kila lugha ina sauti zake, na kila mmoja anazibeba akiongea Kiingereza. Mmoja "pray" na "play" zinamchanganya, mwingine "sh" na "s". Tafadhali, msichekane. Katika Waamuzi sura ya 12, Waefraimu waliuawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja lenye "sh". Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa zaidi jinsi watu wanavyoweza kutengwa kwa lugha zao. Kikundi kinachocheka lafudhi ya mwenzao kitamfanya anyamaze, na anayenyamaza hajifunzi.

7. MPANGO WA MWEZI MMOJA

Tengeni saa moja kabla ya kuchanga pesa za mzunguko. Dakika kumi za maneno matano mapya. Dakika ishirini za sarufi, mitego mitatu au minne kwa siku. Dakika ishirini za kifungu cha ufahamu. Dakika kumi za kusahihishana.

Wiki ya kwanza, fanyeni mitego (a) hadi (c). Wiki ya pili, (d) hadi (f). Wiki ya tatu, (g) hadi (j), na katibu asome kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza ili wote wasahihishe. Wiki ya nne, tafuteni karatasi ya mtihani uliopita na mfanye kwa saa, bila kusaidiana. Mwenye mtoto aliye sekondari amwalike awe mwalimu kwa siku moja. Mtoto atajivunia, na mzazi hatapungukiwa na heshima.

ZOEZI

Fanyeni kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe.

1. Chagua: Bring the form by / until Monday, the office will not accept it after that.
2. Chagua: She has kept the group's books since / for 2019.
3. Chagua: Unless we plant / do not plant early, the frost will destroy our potatoes.
4. Malizia: The members did not agree, ___?
5. Chagua: Could you lend / borrow me your bicycle?
6. Tumia neno "member" kwa umbo linalofaa: Our ___ fee is fifty shillings.
7. Andika upya ukianza na "No sooner": As soon as the rain stopped, we went to the farm.

Majibu: 1. by. 2. since. 3. plant. 4. did they. 5. lend. 6. membership. 7. No sooner had the rain stopped than we went to the farm. Kumbukeni: "no sooner" hufuatwa na "than", "hardly" hufuatwa na "when".

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni nani kati yetu angependa kurudi kufanya mtihani, na ni kitu gani kinamzuia: pesa, muda, aibu, au ruhusa ya nyumbani?
2. Kikundi kinaweza kumsaidia vipi katika hayo manne?
3. Leteni fomu au mkataba wowote wa Kiingereza ambao mmoja wetu ametia sahihi. Tafuteni "unless", "by", "until", "provided that" na "at least". Je, mwenye karatasi alielewa hivyo siku alipotia sahihi?

Swali hili la tatu lisiharakishwe. Karatasi ikionekana ina sharti ambalo mwenzenu hakulijua, kaeni naye, msomee pamoja mstari kwa mstari, na mwende naye kuuliza kabla tarehe haijapita. Mungu awabariki katika masomo yenu.